Nimefunga na kuomba, lakini bado ninausubiri ujumbe wake

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mama, na shikamoo. Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 34. Nilifunga ndoa kanisani miaka tisa iliyopita, na tumejaliwa watoto wawili. Niliokoka nikiwa msichana, ninaimba katika kwaya, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa kiongozi wa kipindi cha sifa katika ibada ya Jumapili. Ninakuandikia kwa sababu jambo lililonipata siwezi kumweleza mtu ambaye nitakutana naye macho kwa macho kesho yake.

Mwaka jana kazini tulipangwa kuandaa taarifa za kila mwezi mimi na mwenzangu mmoja, mwanamume mwenye familia yake, naye ni mwamini kama mimi ingawa tunasali makanisa tofauti. Tulianza kwa kuandikiana mambo ya kazi. Mama yangu alipougua aliniuliza hali yake, kesho yake akauliza tena, na wiki ile nzima akawa ananitumia mistari ya Biblia ya kunitia moyo. Mume wangu ni mtu mwema, hanywi, hanipigi, na anachokipata hukileta nyumbani, lakini si mtu wa maneno. Siku zile alinipa pole mara moja tu, na tangu hapo hakuuliza tena. Mimi na mwenzangu tukaendelea kuandikiana, mistari ya Biblia ikapungua na mazungumzo mengine yakaongezeka. Sasa tunaandikiana kila usiku baada ya nyumba kulala, wakati mwingine hadi saa saba. Hatujawahi kugusana. Hatujatamkiana neno la mapenzi, isipokuwa juzi aliandika kwamba siku isiyo na ujumbe wangu huwa ndefu. Sikumjibu, lakini maneno yale niliyasoma labda mara ishirini.

Kinachonitisha, Mama, ni hiki. Wiki mbili zilizopita niligundua kwamba nimezima mlio wa ujumbe wake peke yake, ili simu isilie mume wangu akiwa karibu. Nasema niligundua kwa sababu sikumbuki kuketi na kuamua. Vidole vyangu vilifanya tu. Tangu hapo nimefunga siku saba, nimekesha, nimelia mbele za Bwana nikimwomba aniondolee hisia hizi na anipe nguvu, lakini nikimaliza kuomba huitazama simu kwanza, kabla hata sijafuta machozi.

Mwezi ujao tumepangiwa safari ya kikazi ya siku nne, mimi na yeye. Naomba unijibu: je, nimeshatenda dhambi, au haya bado ni majaribu tu? Kwa nini maombi yangu hayajibiwi? Nimweleze mume wangu? Na je, niache kazi hii, ambayo ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya ada za watoto? Nisaidie kabla sijaanguka.

Binti yako katika Kristo.

JIBU

Marahaba, mwanangu, na Bwana asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale, kwenye mlio wa simu. Mengine yote uliyoyaeleza yangeweza kutetewa: kazi ni kazi, mgonjwa huulizwa hali, na mistari ya Biblia haina ubaya hata ikitoka kwa nani. Mlio uliozimwa hauna wakili. Hakuna mtu anayekificha kitu ambacho moyo wake umeridhika kuwa ni halali, na kwa hiyo vidole vyako vilitoa hukumu mapema kuliko wewe. Usivichukie, maana ndivyo vilivyokuamsha ukaandika.

Unauliza kama ni dhambi au bado ni majaribu. Sisi tunaosali kwa Kiswahili tumejaliwa maneno mawili hapa. Wanaotumia Biblia ya Union Version huomba “usitutie majaribuni,” na ndugu zetu Wakatoliki husali “usitutie katika kishawishi,” ingawa neno la Kigiriki lililo nyuma ya sala zote mbili ni moja, nalo hubeba maana ya kupimwa na maana ya kuvutwa. Kisa chako kina yote mawili, tena kwa mfuatano. Mama yako alipougua, ukawa na huzuni, na faraja ikaja kutoka upande usioutazamia, hilo lilikuwa jaribu, na kujaribiwa si kutenda dhambi. Waebrania 4:15 inamtaja Bwana mwenyewe kuwa alijaribiwa sawasawa na sisi bila kutenda dhambi. Ulipoanza kusubiri nyumba ilale, ulikuwa umeshaingia kwenye kishawishi. Yakobo husema kwamba tamaa huchukua mimba ndipo ikazaa dhambi, na mimba, kama tunavyojua sisi kina mama, siku za kwanza haionekani kwa watu, ila mwenyewe huijua. Hujazini, na sitaki ujibebeshe kosa ambalo hukulitenda. Lakini umekuwa ukimficha mume wako jambo linalomhusu, na uficho huo si jaribu, ni tendo. Litubie hilo kwa jina lake.

Sasa nije kwenye swali la maombi, kwa sababu nadhani ndilo hasa lililokuandikisha barua.

Ulimwomba Mungu akuondolee hisia, na ulimwomba akupe nguvu. Nguvu za kufanya nini, mwanangu? Nikiisoma barua yako naona ulikuwa unaomba nguvu za kubaki ndani ya chumba kinachoungua bila kuungua. Umeomba usiku huku simu iko mkononi, mazungumzo yako wazi, na safari iko kwenye ratiba. Ahadi iliyoandikwa katika 1 Wakorintho 10:13 si ya namna hiyo. Mtume anasema Mungu ni mwaminifu, hatatuacha tujaribiwe kupita tuwezavyo, na kwamba pamoja na jaribu atafanya na “mlango wa kutokea.” Mlango, ukiwa wazi kiasi gani, haumsaidii aliyeketi akiuombea uje pale alipo. Kwa hiyo siamini kwamba maombi yako hayakujibiwa. Naamini yalijibiwa siku ile ulipouona mlio umezimwa ukashtuka, nawe ukaendelea kuomba badala ya kusimama.

Mtazame Yusufu katika Mwanzo 39. Tunapenda kuhubiri siku ile ya vazi, lakini kabla ya siku ile mke wa Potifa alikuwa akimsumbua siku baada ya siku, na Maandiko yanasema Yusufu hakukataa kulala naye tu, alikataa hata kuwa pamoja naye. Siku aliyoshikwa vazi hakusimama kueleza msimamo wake wala kumwombea yule mama. Aliacha nguo akatoka nje. Na asikudanganye mtu kwamba kutoka kulimpa raha papo hapo, kwa sababu kulimpeleka gerezani. Daudi katika 2 Samweli 11 alikuwa na milango mingi kuliko Yusufu: angeweza kuwa vitani pamoja na jeshi lake, angeweza kushuka darini alipoona, na alipouliza habari za yule mwanamke aliambiwa waziwazi kuwa ni mke wa Uria. Jibu lile lilikuwa mlango, tena mpana. Hakuutumia. Nawe mwenzako alipoandika kwamba siku isiyo na ujumbe wako huwa ndefu, mlango wako ulikuwa umefunguliwa hadi mwisho.

Kuna mtu mmoja wa karne ya 4 ambaye huwa namkumbuka kila ninapopata barua kama yako. Evagrius wa Ponto alikuwa shemasi msomi katika jiji la Konstantinopoli, akapendana na mke wa mtu mwenye cheo. Palladius, aliyekuwa mwanafunzi wake, anasimulia kwamba Evagrius alimwomba Mungu amzuie, kisha usiku mmoja akaota amekamatwa na kufungwa minyororo, na ndotoni humo akaapa kuuhama mji. Alipoamka alisema kiapo ni kiapo hata kikiwa cha ndotoni, akapakia vitu vyake melini akaenda zake Yerusalemu. Hakurudi kumuaga yule mama ili aeleze ni kwa nini anaondoka. Lakini Palladius hafichi kwamba hata Yerusalemu moyo wake uliyumba tena, akaugua muda mrefu, mpaka alipokwenda Misri akawa mtawa wa jangwani hadi kifo chake mwaka 399. Meli ilimtoa kwenye hatari, haikumponya moyo siku ile ile. Nakueleza haya mapema kwa sababu wiki chache baada ya kukata mazungumzo haya utajisikia mtupu, utakasirika kwa mambo madogo, na utajiambia kwamba uchungu huo ni ushahidi kuwa lilikuwa pendo la kweli lililotoka kwa Mungu. Ni uchungu wa kuachishwa tu, kama mtoto anavyolia anapoachishwa ziwa.

Na pengine kuna jambo jingine ambalo hujalitamka. Augustino wa Hippo, askofu wa Kanisa la kale, alikiri baadaye kwamba ujanani aliomba apewe usafi wa mwili, lakini si sasa hivi, kwa kuwa aliogopa Mungu asije akamsikia upesi. Anayeitazama simu kabla ya kufuta machozi anaijua sala hiyo hata kama hajawahi kuitamka kwa sauti. Sikulaumu, nakuomba tu uwe mkweli mbele za Mungu, umwambie kwamba sehemu ya moyo wako haitaki kusaidiwa. Sala fupi ya namna hiyo naithamini kuliko mkesha.

Basi, matendo. Mwandikie ujumbe mmoja wa mwisho, mchana, si usiku, tena ukiwa na mwanamke unayemwamini ameketi kando yako. Uwe mfupi, kama hivi: “Kuanzia leo nitawasiliana nawe kuhusu kazi tu, katika saa za kazi. Mazungumzo yetu ya usiku hayakuwa sawa kwa upande wangu, nimeyakomesha. Naomba usinijibu hili.” Usiandike kwamba itakuuma, usimshukuru kwa yote aliyokutendea, na kwa jina la Yesu usikubali kikao cha kuagana, kwa maana sijapata barua hata moja iliyosimulia kikao cha kuagana kilichoishia katika kuagana. Akijibu, yule mwenzako uliyeketi naye asome, wewe usisome. Mambo ya taarifa za kazi yapitie barua pepe ya ofisi. Simu yako ilale sebuleni, kwenye chaji, na mlio urudishwe.

Huyo mwanamke wa kuketi naye ni sharti awepo, na mchague vizuri. Awe mtu mzima katika imani, asiye shabiki wa habari, atakayeweza kukuuliza kila wiki swali lisilo na kona: umemwandikia au hukumwandikia? Usilipeleke jambo hili kwenye kikundi cha maombi kwa mafumbo ya “niombeeni nina jaribu,” kwa sababu mafumbo humpa mtu hisia ya kukiri bila kuwa amekiri. Wala usimpelekee mwanamume mwingine wa kwaya, hata akiwa na hekima ya Sulemani. Mficha uchi hazai, lakini si kila mtu ni mkunga.

Wengine watakwambia uweke sheria ya kutokaa kabisa na mwanamume yeyote peke yenu. Mwaka 1948, huko Modesto katika jimbo la California, mhubiri Billy Graham na wenzake walikubaliana mambo kadhaa ya kujilinda nayo, likiwemo la kila mmoja kuepuka faragha na mwanamke asiye mke wake. Mimi sipendi kanuni hiyo ikigeuzwa kuwa sheria kwa watu wote, kwani imewafanya wanawake wengi waonekane kama mitego wakati wao walitaka kufanya kazi tu. Ila kuna akili ndani yake ambayo sitaki uikose: mpaka uliwekwa mchana, watu wakiwa na utulivu, kabla ya jaribu kufika. Mpaka unaouweka saa saba usiku huku unasoma ujumbe kwa mara ya ishirini hautadumu hadi saa saba na robo. Kaa chini wiki hii, uandike kwa kalamu mambo matatu au manne ambayo hutayafanya na mtu huyu, umpe nakala yule mwanamke uliyemchagua.

Kuhusu mume wako, naam, mweleze. Najua wapo washauri wenye busara wanaosema jambo lililokwisha lisiamshwe, nami katika visa fulani, hasa pale ambapo mke anaogopa kupigwa, humwambia aende kwanza kwa mtu wa kumlinda. Umesema mume wako hakupigi. Ni heri alisikie kinywani mwako kuliko aligundue kwenye simu yako. Lakini usimweleze usiku wa leo ukiwa bado unatetemeka, wala kabla hujakata mazungumzo, kwa maana utakuwa unamkabidhi yeye kazi ya kukata. Na mazungumzo yale usiyafute kabla hujasema naye. Akitaka kuyaona, ayaone.

Anza na ulichofanya wewe. Ukianza na “hukuniuliza hali ya mama,” utakuwa umempelekea mashtaka badala ya toba, naye atajitetea, na mtamaliza usiku mkigombania nani alianza. Mwambie: nimekuwa nikiandikiana na mtu usiku, nimekuficha, nimekomesha, nimekosa, nisamehe. Kisha nyamaza, umwache akasirike. Hasira yake itakuwa na haki, hata ikidumu kuliko unavyopenda. Siku nyingine kabisa, labda wiki kadhaa baadaye, mweleze habari za upweke wako, kwa sababu hiyo nayo ni kweli na haifai kuzikwa. Haja ya kuulizwa “mama anaendeleaje?” si dhambi hata kidogo. Kosa lilikuwa mahali ulipokwenda kuishibisha. Wanaume wasio na maneno mara nyingi hudhani kwamba pole iliyotolewa mara moja inatosha, na hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa haitoshi. Je, ulimwambia? Barua yako haisemi.

Ukiwalinganisha wanaume hawa wawili, kumbuka pia unalinganisha saa zao. Huyu mmoja unamwona akiwa amechoka, mtoto ana homa, ada imefika na sahani hazijaoshwa. Yule mwingine hukutana nawe saa ambayo hakuna mtoto anayelia wala hesabu inayodaiwa, akiwa na muda wa kuchagua kila neno na kulifuta likimkosea. Nina hakika mke wake naye anao mume wa maneno machache. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao hawakusema kwamba mbacha ni mpya. Walisema ni wako.

Kazi usiiache kwa sasa. Omba kwanza ubadilishiwe mtu wa kuandaa naye taarifa. Sababu waweza kusema ni za kifamilia, nawe hutakuwa umedanganya. Ikishindikana, na baada ya miezi miwili ukaona bado unavaa kwa ajili yake, hapo tuandikiane tena, kwa sababu ada za watoto ni jambo zito lakini kazi nyingine hutafutwa.

Hukuniuliza juu ya kuongoza sifa, nami sitakaa kimya. Omba mapumziko ya Jumapili chache. Mweleze mchungaji au mama mchungaji ukweli kwa kifupi. Kusanyiko halihitaji kutangaziwa. Hiyo si adhabu. Mtu anayesimama mbele ya watu kila wiki huku ana jambo la namna hii hujifunza kuimba kwa sauti nzuri bila kuwepo, na ujuzi huo ni mgumu sana kuusahau baadaye. Na utakaporudi, usiharakishe kulifanya ushuhuda wa madhabahuni. Mume wako ana sehemu katika habari hii, na si yako peke yako kuisimulia.

Imebaki safari. Hiyo haisubiri mazungumzo na mume, wala ushauri wa mchungaji, wala funga nyingine ya siku saba. Kesho asubuhi ukifika kazini, kabla hujaketi mezani pako, nenda kwa msimamizi wako umwombe ampange mtu mwingine kwa nafasi yako, au aongeze wa tatu wa kusafiri nanyi, na ikiwa hayo yote hayawezekani, mwambie hutaweza kwenda. Atakuuliza kwa nini. Jibu lolote la kweli litatosha, hata liwe fupi, na hata akikunja uso.